Silikoni ya vinyweleo au nyuzi za nano: uanze na ipi?

Juzi binti mmoja, mwanafunzi wa uzamili, aliingia maabara akiwa na kisanduku cha plastiki. Ndani mna vipande viwili, kila kimoja sawa na ukucha wa kidole gumba. Kimoja kijani cha kumetameta kama mgongo wa mbawakawa. Cha pili cheusi tititi. Ukikielekeza dirishani hakirudishi mwanga wowote wa maana. Vyote viwili ni silikoni ya kutengenezea kihisio, yaani kifaa cha kugundua kama kitu fulani kipo, na vyote alitumiwa na rafiki yake anayesoma ng'ambo.

"Fundi, nimesoma makala mpaka macho yanauma," akaniambia. "Kila mtu anasifu yake. Mimi niende na ipi?"

"Unataka kunasa nini?"

"Aflatoksini kwenye mahindi."

"Na utaisoma kwa chombo gani?"

Akanyamaza. Wengi hunyamaza hapo. Si mara ya kwanza kuulizwa swali hili, basi nimeona niandike jibu lote mara moja, wanaokuja nyuma niwaelekeze hapa badala ya kurudia hadithi ileile kila muhula. Msimamo wangu nautaja mapema: kwa meza ya kazi ya Nairobi, yenye bajeti ya Nairobi, anza na ile ya kijani, yaani ya vinyweleo; nyeusi ndiyo ya nyuzi. Ila zipo kazi ambazo ya kijani haitakufaa hata uibembeleze vipi, na aflatoksini, ile sumu ya kuvu, iko karibu sana na mpaka huo.

Kabla hatujaenda mbali, tuondoe mkanganyo mmoja. Silikoni ninayoisema ni elementi ile inayotengenezewa vichakato vya simu na paneli za sola, ngumu, na ukiiangusha inavunjika kama kigae. Si ile gundi ya tyubu anayozibia sinki fundi wa mabomba. Nilishawahi kumtuma kijana silikoni akaniletea tyubu, na risiti juu.

Kijani ni nini, nyeusi ni nini

Pasua kitumbua utazame ndani. Vile vitundu vinavyosimama wima, vimepangana kutoka chini hadi juu, ndiyo picha ya silikoni ya vinyweleo. Ni sahani ya kawaida ya silikoni, weifa, ambayo asidi na umeme vimeitoboa upande wa juu ikabaki tabaka la vitundu lenye kina cha mikromita chache. Tundu lisilofika nanomita 2 huitwa la mikro, la kati ya 2 na 50 ni la meso, na linalozidi 50 ni la makro. Ukikumbuka kwamba unywele mmoja wa kichwa una upana wa nanomita 80,000 hivi, utaelewa kwa nini jicho halioni tundu hata moja, linaona rangi tu.

Waliokutana nayo mara ya kwanza ni Arthur na Ingeborg Uhlir wa Bell Labs, Marekani, mwaka 1956. Hawakuwa wanaitafuta. Walikuwa wanataka kung'arisha silikoni kwa umeme ndani ya asidi ya haidrofloriki, na badala ya uso laini wakapata utando wenye rangi. Kisha mwaka 1990 Leigh Canham, huko Uingereza, akaonyesha kwamba utando huo unawaka mwanga wa kuonekana katika joto la kawaida la chumba ukimulikwa. Jambo hilo liliwashtua watu kwa sababu silikoni nzima ni mvivu wa kutoa mwanga, na kidogo inachotoa ni infraredi, karibu na nanomita 1,100, ambayo jicho halioni. Miaka saba baadaye, 1997, kundi la California lenye akina Michael Sailor na Reza Ghadiri likaigeuza kuwa kihisio: kitu kikiingia kwenye vinyweleo, mwanga unaorudi unabadilika, nawe unaupima.

Nyuzi za nano ni kinyume chake. Katika ya vinyweleo unachimba matundu, kinachobaki ni ukuta. Katika nyuzi unachimba hadi ukuta unakwisha, zinabaki nguzo zimesimama kama shamba la mkonge lililokosa majani. Wagner na Ellis, nao wa Bell Labs, waliziotesha mwaka 1964 kwa tone la dhahabu lililoyeyuka, na mwaka 2001 kundi la Charles Lieber la Harvard likatengeneza vihisio vya umeme kwa nyuzi za aina hiyo. Njia ya dhahabu iweke kando. Mara nyingi hutumia gesi ya sileni, ambayo ikivuja inawaka yenyewe hewani, na sina hamu ya kuwa jirani na mtungi wake. Njia inayowezekana hapa ni ya fedha, na hiyo ndiyo nitakayoilinganisha.

Jikoni

Ya vinyweleo inataka weifa ya aina ya p iliyotiwa boroni kwa wingi, kikombe cha Tefloni kilichotobolewa chini, oringi (pete ya mpira ya kuzuia kuvuja), karatasi ya alumini mgongoni mwa weifa, waya wa platinamu kwa juu, na chanzo cha umeme kinachoshikilia mkondo usiyumbe. Kikombe nilikerezewa na fundi wa Kariobangi Light Industries kutokana na mchoro wa daftari. Alishangaa kwa nini nang'ang'ania plastiki ghali namna ile wakati kioo kipo. Nilipomwambia asidi hii inakula kioo alicheka, mpaka nilipomletea bika iliyofifia kama dirisha la bafu. Oringi usiende kuchukua ya gari pale Kirinyaga Road eti kwa sababu inatosha. Mpira wa kawaida hauiwezi asidi hii, na kitakachovuja si maji. Ulizia ya vitoni.

Ukishakaza kila kitu, unamimina asidi ya haidrofloriki iliyochanganywa na ethanoli, unawasha mkondo wa makumi ya miliampia kwa kila sentimita ya mraba, na kazi inaanza. Ethanoli haipo kwa mapambo: bila hiyo viputo vya haidrojeni vinang'ang'ania uso wa weifa na kuuachia madoa kama ndui. Mkondo ukipanda, matundu yanakuwa mapana. Asidi ikizidi, nafasi tupu inapungua. Kina kinafuata muda, mikromita moja au zaidi kwa dakika. Vipini vyako ni hivyo vitatu tu, mkondo, asidi na muda, na ndiyo maana naipenda: mtu anaweza kuielewa yote.

Ukiupandisha na kuushusha mkondo kwa zamu, unapata tabaka lenye matundu mapana juu ya lenye matundu finyu, juu ya pana tena, na kuendelea. Kila tabaka likiwa na unene wa robo ya wimbi la mwanga ndani yake, rangi moja inarudishwa kwa nguvu na nyingine zinapita. Kwa kijani cha nanomita 540 tunazungumzia matabaka ya nanomita 75 hivi. Kile kipande cha kijani cha yule binti hakikupakwa rangi hata chembe. Ni mpangilio wa hewa na silikoni.

Nyuzi hazitaki umeme kabisa. Unatumbukiza weifa, iwe ya p au ya n (yenye fosforasi badala ya boroni), kwenye asidi hiyohiyo iliyozimuliwa pamoja na nitrati ya fedha. Chembe za fedha zinajishika juu ya silikoni, kila chembe inazama taratibu ikila kilicho chini yake, kama kijiko cha moto ndani ya siagi. Pale ambapo fedha haikukaa ndipo zinapobaki nguzo, unene wake mara nyingi ni nanomita 50 hadi 200. Juu panaota kichaka cha fedha kinachofanana na majani ya kangaga, unakiosha kwa asidi ya nitriki, na weifa iliyoingia ya kijivu inatoka nyeusi. Dokezo dogo: ukitumia weifa yenye boroni nyingi, nyuzi zenyewe zinatoboka. Yaani unapata vinyweleo ndani ya nyuzi, na mpaka niliouchora hapo juu unafutika.

Kwa maelezo hayo utasema nyuzi ndizo rahisi, hasa katika mji ambao stima inapotea bila hodi. Hata mimi niliamini hivyo. Alasiri moja ya Aprili, mvua ya masika inapiga mabati, nilikuwa tabaka la 17 kati ya 40, stima ikaenda. Mkondo ukikatika, uchimbaji nao karibu usimame, kwa hiyo kama ni tabaka moja tupu ungeweza kuliendeleza stima ikirudi na usione tofauti kubwa. Lakini programu iliyokuwa inahesabu zamu ilikuwa imesahau imefika wapi, na sikuwa nimeandika popote. Kipande kile bado ninacho. Kina rangi ya petroli juu ya dimbwi. Tangu siku hiyo naendesha kwa betri ya gari, na nyuzi zikaonekana zimeshinda pointi moja.

Hazikushinda. Nyuzi hazitaki stima, lakini feni ya kabati la kuvutia mvuke inataka. Feni ikizima, iwe unachimba kwa mkondo au kwa fedha, unafunika chombo, unafunga mlango, unatoka nje kusubiri. Kwenye hili wako sare.

Kwa usalama pia usidanganywe. Watu huniambia nyuzi ni salama zaidi kwa sababu asidi yake ni hafifu. Asidi ya haidrofloriki kali sana ikikugusa unajua papo hapo. Ile hafifu, chini ya asilimia 20, inaweza kukaa saa nyingi, hata siku nzima, kabla maumivu hayajaanza, na muda wote huo inapenya ndani ikifunga kalsiamu ya mwili. Hafifu ndiye msaliti. Kabla ya kununua asidi, nunua jeli ya kalsiamu glukoneti, weka mkononi na si kabatini, na usiwahi kufanya kazi hii peke yako jioni watu wakishaondoka. Mabaki tunayaua kwa chokaa, ileile ya dukani, yanakuwa kalsiamu floraidi, kisha yanakusanywa. Hayaendi kwenye sinki, maana sinki huishia mtoni.

Kusoma

Hapa ndipo nyeusi na kijani zinapoachana njia, na hapa ndipo pa kuamulia.

Fanya hivi siku ukipata kipande cha vinyweleo. Kiweke chini ya taa, kijani kinang'aa. Chovya ncha ya kijiti kwenye ethanoli, gusa uso mara moja. Palipoguswa panageuka: kijani kinakuwa njano, kisha chungwa, kisha wekundu, kwa kasi ya kupepesa jicho. Ethanoli imeingia matunduni ikaifukuza hewa, mwanga unasafiri polepole zaidi mle ndani, na rangi inayorudi imesogea upande wa mawimbi marefu. Subiri. Doa linaanza kunywea kutoka pembeni, wekundu unarudi chungwa, chungwa njano, na baada ya muda mfupi kijani kimefunga tena kana kwamba hapakuwa na kitu. Hicho ni kihisio kizima, na umekisoma kwa macho.

Kwa kipimo cha maana utahitaji taa ya halojeni, waya wa faiba na spektromita ndogo, kipima rangi za mwanga, ya kuchomeka kwenye kompyuta. Tabaka moja tupu hukupa mawimbi ya milima na mabonde, na kutokana nayo kompyuta inatoa namba moja tu: mara mbili ya unene, zidisha kwa kipimo cha jinsi tabaka linavyopunguza kasi ya mwanga. Unene haubadiliki, kwa hiyo namba ikisogea unajua kuna kilichoingia. Spektromita ikiwa bado ni ndoto, kipande cha DVD iliyobanduliwa kinaupasua mwanga vizuri, kwa sababu mifereji yake imeachana kwa mikromita 0.74 tu, nayo kamera ya simu inapiga picha. Haitoshi kwa tasnifu. Inatosha kujua kama wazo lina uhai kabla hujaomba pesa.

Upo pia mwanga wa Canham. Weifa yenye boroni kiasi, si nyingi, ikichimbwa vizuri inawaka chungwa na wekundu chini ya ile taa ya zambarau wanayokagulia noti bandia madukani River Road. Inapendeza, na kuna mivuke inayouzima, kama ile ya baruti, jambo linaloweza kuwa kihisio pia. Lakini jua kwamba weifa inayofaa kwa kuwaka si ileile inayofaa kwa kioo cha kijani, kwa hiyo amua kabla ya kuagiza.

Sasa nyeusi. Nyuzi zinameza mwanga, ndio uzuri wake na ndio tatizo lake. Silikoni tambarare inarudisha theluthi hivi ya mwanga unaoipiga. Msitu wa nyuzi unarudisha kidogo mno, na palipokosa mwanga unaorudi hakuna rangi ya kusogea. Zimebaki njia mbili za kuzisoma.

Ya kwanza ni umeme: uzi mmoja au wachache kati ya elektrodi mbili, kitu chenye chaji kikitua, mkondo unabadilika. Kwenye makala ni nzuri ajabu. Mezani kuna kitu kimoja ambacho hawakikwezi kwenye kichwa cha habari. Majimaji yenye chumvi kama ya damu yanaificha chaji ndani ya umbali usiofika nanomita 1, wakati kingamwili mmoja tu, ile protini ya kinga tunayoitumia kunasa kitu, ana urefu wa nanomita 10 hivi. Kilichonaswa kikikaa juu ya kingamwili, uzi haukioni. Ni kama kumsikiliza mtu akinong'ona ng'ambo ya Uhuru Highway saa kumi na moja jioni. Unalazimika kuzimua sampuli hadi chumvi iwe hafifu sana. Na kabla ya hapo kuna kazi ya kuunganisha elektrodi kwa uzi wa nanomita 100, ambayo huifanyi bila chumba safi kisicho na vumbi na mashine za kuchorea.

Ya pili ni Raman, yaani kusoma mwanga wa leza unaotawanywa na molekuli. Unarudishia nyuzi chembe za fedha, unapiga leza, na molekuli zilizokaa kwenye mianya ya fedha zinapaza sauti zao mara nyingi kuliko kawaida. Kila molekuli ina alama zake, kama alama za vidole. Kijani hukwambia "kuna kilichoingia". Raman hukwambia jina lake. Ila mashine ya Raman si kitu cha kuazima kama multimita. Ina foleni, ina barua za kuomba, na foleni ikikufikia kipande chako lazima kiwe tayari siku hiyo.

Ukubwa wa unachokitafuta

Mvuke wa pombe, wa petroli, wa vimumunyisho vya rangi: kijani, bila mjadala. Mvuke unajikusanya wenyewe ndani ya matundu ukawa kimiminiko, na eneo la kuta mle ndani ni mamia ya mita za mraba katika sentimita moja ya ujazo. Uwanja mzima wa mpira wa kikapu kwenye kitu unachoweza kukifunika kwa kifuniko cha soda.

Protini kubwa, kingamwili, kijani tena, ilimradi matundu yawe mapana vya kutosha. Mgeni wa nanomita 10 hapiti mlango wa nanomita 12 akiwa na haraka. Nataka angalau mara tatu au nne ya ukubwa wake.

Bakteria ni habari nyingine. Vile vya kinyesi vinavyotafutwa kwenye maji ya visima vina urefu wa mikromita 2 hivi, haviingii popote, vinalala juu ya matundu kama ng'ombe juu ya nyavu. Mwanga unaozunguka ndani hauna habari navyo. Kwa hivyo utafute muundo wa makro wenye matundu mapana kuliko bakteria, au njia nyingine kabisa.

Na wale wanaotaka kupima floraidi ya visima vya Bonde la Ufa kwa silikoni, nawasihi kwa upole: nunueni elektrodi ya floraidi. Ipo, inafanya kazi, haihitaji tasnifu.

Tumefika kwenye aflatoksini. Sababu ya kila mtu hapa kuitaka haihitaji maelezo. Mwaka 2004, Makueni na Kitui na majirani zake, mahindi yenye kuvu yaliua watu 125 kati ya 317 waliougua. Lakini tufanye hesabu. Kikomo cha Kenya ni mikrogramu 10 kwa kilo ya mahindi. Chukua gramu 20 za unga, loweka kwenye mililita 100 za methanoli na maji. Kama unga uko kikomoni kabisa, na sumu yote imetoka, una nanogramu 200 ndani ya kopo zima, yaani nanogramu 2 kwa mililita. Tena molekuli yenyewe ni kibonge: uzito wa 312 kwa aflatoksini B1, kingamwili ni 150,000. Kingamwili akiingia matunduni ni lori. Aflatoksini ni bodaboda isiyo na abiria.

Baya zaidi ni methanoli. Maji yenye methanoli hayapindi mwanga sawa na maji matupu, na kosa dogo la kupima methanoli linasogeza rangi kuliko sumu yote uliyoinasa. Nimeona grafu ya kupendeza ya "aflatoksini" ambayo ilikuwa grafu ya mtu aliyemimina kwa haraka.

Je, nyeusi basi? Kwa karatasi, ndiyo: fedha na Raman zinaweza kuisoma molekuli ndogo. Lakini maji ya unga wa mahindi yana mafuta, rangi na protini, vyote hivyo vinagombea mianya ileile ya fedha, na vingine vinang'aa vyenyewe chini ya leza hadi alama zinazama. Utatumia nusu ya mwaka kusafisha sampuli.

Mimi ningezunguka nyuma. Paka kuta za vinyweleo kwa aflatoksini iliyofungwa kwenye protini. Changanya maji ya sampuli na kingamwili kiasi kinachojulikana. Sumu ikiwepo, kingamwili wanashikwa nayo hukohuko kwenye maji na hawafiki ukutani. Ikikosekana, wanatua wengi. Humpimi bodaboda, unahesabu malori yaliyokosa kufika. Alama inakuja kinyume, kubwa inamaanisha mahindi safi, na ni lazima usuuze kwa bafa ileile (maji yasiyobadilika uchachu) kabla na baada ili methanoli isikudanganye. Ni kazi ndefu, lakini kila hatua inawezekana mezani kwangu.

Uzee

Silikoni iliyotoka kwenye asidi sasa hivi imevaa haidrojeni, na haidrojeni ni kanzu ya siku chache. Hewa inaanza kuigeuza oksaidi siku hiyohiyo, na oksaidi hupinda mwanga kidogo kuliko silikoni, kwa hiyo namba yako inateremka polepole hata kama hujaweka kitu. Umekaa unasubiri ipande kwa sababu ya kingamwili, yenyewe inashuka kwa sababu ya Nairobi. Msimu wa mvua ni mbaya zaidi. Ndani ya bafa inayokaribiana na damu kwa uchachu, tabaka lisilolindwa linayeyuka kabisa. Uliweka kihisio asubuhi, jioni umebaki na weifa.

Dawa ya mkono mfupi ni tanuri: pasha kwenye hewa kwa joto la nyuzi za Selsiasi 600 hivi, oksaidi ijifunge kote kwa makusudi, kisha unganishia kemia yako juu yake. Unapoteza sehemu ya ukali wa kihisio, unapata amani. Wafini wa Turku wanaivika kaboni kwa asetilini na inakuwa ngumu ajabu, ila usichukue mtungi wa wachomeleaji ukadhani ni kitu kilekile; ule una asetoni ndani, na asetilini na tanuri havitaki mwanafunzi anayejaribu.

Nyuzi zinazeeka pia, lakini silikoni yake ni nene zaidi, kwa hiyo haziharibiki haraka vile. Hapo zinashinda kweli. Ugonjwa wao ni kukausha: maji yakiondoka yanazivuta vichwa pamoja, zinashikana mafungu kama nywele zilizonyeshewa. Ya vinyweleo ikiwa na nafasi tupu nyingi mno hupasuka vipandevipande kama tope la Athi River kiangazini. Kwa zote mbili, maji yasiwe ya mwisho. Maliza kwa ethanoli, na ukipata pentani maliza kwa hiyo.

Waliobaki mlangoni

Nyeusi zote si nyuzi. Kuna silikoni nyeusi ya leza, ile iliyotokana na kazi ya kundi la Eric Mazur wa Harvard katika miaka ya 1990, vilima vyenye ncha vinavyomeza mwanga hadi sehemu ya infraredi. Ni ya vipokea-mwanga na paneli. Kama hutengenezi kipokea-mwanga, ipite.

Nayo silikoni tambarare ya njia za mwanga, zile pete ndogo zilizochorwa kwenye tabaka la nanomita 220 juu ya oksaidi, ndiyo yenye nidhamu kuliko zote. Vipande mia vinatoka sawa kama ndugu pacha. Haitengenezwi hapa. Unachora kwenye kompyuta, unajiunga na wengine kwenye weifa moja ya kiwanda kama imec cha Ubelgiji, unasubiri miezi, kisha unahitaji leza inayobadilisha wimbi karibu na nanomita 1,550 na meza isiyotikisika wakati lori linapita nje. Ukiwa na mshirika ng'ambo mwenye vyote hivyo, nenda, usinisikilize. Na ukiwa na saa za Raman za uhakika, si za ahadi, na molekuli ndogo kwenye maji masafi, chukua nyuzi.

Yule binti alisikiliza yote haya akiwa amesimama. Mwisho akachukua kile cha kijani, akakiweka chini ya taa, akaomba ethanoli. Aligusa mara tatu, kila mara akisubiri kijani kirudi.

"Nitaanza na kingamwili mtupu," akasema. "Mahindi yatafuata."

"Vizuri. Hicho kilichimbwa lini?"

"Sijui, Fundi. Hakikuandikwa."

"Basi hicho ni cha kuchezea tu. Alhamisi njoo tuchimbe chako, na uje na kalamu isiyofutika."

"Na hiki cheusi?"

Nikampa mkebe. Akaandika tarehe ya leo kwenye kifuniko, akafikiri kidogo, akaongeza alama ya kuuliza.